Ghala Chini ya Kisiki

Katika miji yetu wapo watu wanaoishi kwa kung'oa visiki. Hawa si wakataji miti. Mkataji huja na msumeno wa mota na kamba, huangusha mti asubuhi, na jioni magogo yamekwisha kupakiwa kwenye lori. Mng'oa visiki huitwa baadaye, pengine mwaka mzima baadaye, mwenye nyumba anapotaka kuchimba shimo la choo, kujenga ukuta, au kupanda matembele na mchicha pale palipokuwa na kivuli. Huja kwa baiskeli, jembe na sururu na mtaimbo vimefungwa kwenye fremu, shoka limo ndani ya kiroba. Hulipwa kwa kisiki, si kwa siku, kwa hiyo kabla ya kutaja bei hukizunguka, hukigonga kwa kisogo cha shoka, kisha hukwangua gome kwa ukucha aone kama ndani ni kijani au kahawia. Nimewatazama wakifanya hivyo, na naamini ule mkwaruzo wa ukucha ni nusu ya kazi yote. Ni swali ambalo watu wenye mashine kubwa na fedha nyingi waliwahi kusahau kuliuliza katika nchi hii: je, hiki bado kiko hai, na kama kiko hai, kinakula nini?

"Shikamoo baba," nilimwamkia mmoja wao alipofika kwenye nyumba tunayokaa Dodoma.

"Marahaba mwanangu. Kiko wapi?"

Nikampeleka uani. Kisiki cha mwarobaini kilikuwa kimekatwa sawasawa na ardhi, kazi ya mpangaji aliyetutangulia. Mzee alikitazama akatikisa kichwa.

"Aliyeukata aliukata kifundoni. Mti wa kung'oa hukatwa kifuani. Angeniachia pa kushika."

Anayejua wenzo ataelewa mara moja. Shina lililoachwa na urefu wa mita moja na nusu huongeza nguvu ya mwanadamu: ukilisukuma kwa juu na kulivuta, mizizi iliyo chini hupata msukumo ambao mikono mitupu haiwezi kuutoa. Ukilikata chini ili uwanja uonekane nadhifu, umeficha tatizo na kulifanya gumu zaidi. Wengi hukata chini. Hutaka mti usionekane tena leo, na kesho yake jembe linapogonga mti ardhini ndipo wanapokumbuka kwamba mti una sehemu mbili, na kwamba wameondoa moja tu.

Kazi yenyewe ina utaratibu wake. Udongo wa juu hutengwa upande mmoja, kwa maana ndio wenye rutuba na ndio utakaorudi mwisho. Handaki huchimbwa kuzunguka kisiki, umbali wa hatua moja hivi kutoka kwenye shina, mahali ambapo mizizi imekwisha kugawanyika na mapigo machache ya shoka yanatosha. Watu hudhani mizizi ya mti huzama chini sana. Sehemu yake kubwa hutambaa katika nusu mita hivi ya juu, penye hewa na maji ya mvua, na huenda mbali kupita kivuli cha matawi. Kwa hiyo mng'oaji hukata hii ya pembeni mmoja mmoja, humwagia shimo maji jioni yalale humo, asubuhi husukuma na kuvuta, husikiliza panapolia, huchimba tena pale panapogoma. Mzizi mkuu, ule unaoshuka wima, huachwa kuwa wa mwisho. Ukibaki peke yake hauna tena wa kuusaidia.

Jambo moja lilinishangaza kwa mzee yule. Kila mzizi kabla ya kuupiga aliusafisha kwa mkono, kisha akaumwagia maji kidogo kutoka kwenye kopo. Nilidhani ni upole wa uzee. Kumbe ni elimu. Mzizi umevaa udongo, na udongo wa Dodoma umejaa mchanga ambao chembe zake ni ngumu kuliko makali ya shoka. Mapigo matatu kwenye mzizi wenye mchanga na shoka halikati tena, linaponda. Kopo la maji linaokoa nusu siku ya kunoa. Naomba msomaji aushike mchanga huu akilini, kwa maana utarudi na utakula matrekta.

Sasa niseme kuhusu ghala.

Mti wenye majani hutengeneza sukari kwa jua. Sehemu ya sukari hiyo hutumika siku ile ile, na iliyobaki hushuka kupitia ndani ya gome hadi mizizini, ambako huwekwa ikiwa wanga. Hilo ndilo ghala la mti. Kwa chakula hicho mti hupita kiangazi bila jani hata moja, na kwa chakula hicho migunga na mibuyu ya nyanda kavu hutoa majani mapya hata kabla mvua haijashika. Chini ya gome, hasa pale shina linapokutana na ardhi, yapo pia macho yaliyolala, machipukizi ambayo hayakuwahi kutoka kwa sababu vilele vya mti hutuma chini homoni inayoyazuia. Kata mti, na umeondoa kizuizi lakini hukugusa ghala. Macho yote huamka pamoja. Ndiyo sababu mkaratusi uliokatwa msimu wa mvua hugeuka kichaka katika muda mfupi: hao si watoto wa mti, ni mti ule ule, wenye mizizi ya umri ule ule, ukila akiba yake.

Mwarobaini una tabia ya ziada. Mzizi wake ukijeruhiwa na jembe, unaweza kutoa chipukizi palepale kwenye jeraha, mbali na shina. Kwa hiyo mtu anayechimbachimba bila kumaliza huishia kuwa na miarobaini mingi kuliko aliyoanza nayo. Katika uwanda wa Baringo nchini Kenya, mathenge, mti ulioletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, umewatesa watu kwa namna inayokaribiana na hiyo: ukatwe juu ya ardhi, unarudi ukiwa na mashina mengi na miiba zaidi. Hufa ukikatwa chini ya uso wa udongo, chini ya yale macho. Wafugaji wa huko walifika mahakamani Nairobi na mbuzi aliyepoteza meno kwa kula maganda yake matamu. Hadithi hiyo imesimuliwa mara nyingi kama kichekesho. Mimi naiona ni watu waliochoka.

Kwa kuwa uhai wa kisiki umo ghalani, njia zote za kukiua ni njia za kulimaliza ghala, na zile zisizoligusa ni kupoteza muda. Chumvi ni mojawapo. Nimeona watu wakitoboa kisiki na kukijaza chumvi ya jikoni kilo kwa kilo. Kisiki hufa polepole au hakifi, lakini udongo hakika huharibika, na mchicha uliokusudiwa hapo hautaota vizuri. Oil chafu ya gari ni mbaya zaidi. Moto wa pumba za mpunga, unaofuka siku kadhaa bila mwali, hufanya kazi nzuri kwenye kisiki kikavu. Kwenye kisiki kibichi huunguza kichwa na kuacha mizizi ikiwa salama. Dawa za viwandani hufanya kazi zikipakwa mara tu baada ya kukata, kwenye ule mzunguko mwembamba ulio kati ya gome na mti, kwa kuwa ndiyo njia ya kwenda ghalani. Ukisubiri hadi kesho njia imekwisha kufungwa.

Njia ya maskini ni bora kuliko zote, kama mtu ana subira. Acha machipukizi yatoke. Yatoke kwa akiba ya mizizi, yatumie, yafungue majani. Kisha, kabla majani hayajakomaa na kuanza kurudisha sukari chini, yavunje yote. Mizizi itatuma mengine, machache kidogo. Yavunje tena. Mtoto wa nyumbani anaweza kuifanya kazi hii akitoka shule. Msimu wa pili machipukizi hutoka membamba, rangi yake imepauka, na siku moja hayatoki. Baada ya hapo mchwa hukimaliza kisiki bila malipo.

Walioielewa hesabu hii kwa ukamilifu, kwa kadiri ninavyojua, walikuwa watu wa chai. Mashamba ya chai ya Nyasaland, Malawi ya leo, yalisumbuliwa na kuvu ya jamii ya Armillaria. Msitu ulipokatwa ili kupanda chai, visiki na mizizi iliyojaa wanga ilibaki ardhini, kuvu ikajipatia karamu, ikanenepa, ikahamia kwenye mizizi ya michai michanga na kuiua. Katika miaka ya 1930 mtafiti R. Leach alionyesha dawa isiyotumia sumu yoyote. Kabla ya kukata msitu, chuna gome la kila mti kwa mkanda kuzunguka shina, kisha uache mti umesimama. Maji yataendelea kupanda kwa sababu yanapita ndani ya mti wenyewe. Majani yatabaki kijani kwa muda. Lakini sukari haiwezi kushuka tena, maana njia yake ilikuwa gome. Mizizi itaendelea kuishi kwa akiba, itaila hadi itakapokwisha, na mti utakufa ghala likiwa tupu. Ukikatwa wakati huo, kuvu mbaya haikuti chakula cha kuinenepesha, na kuvu nyingine zisizo na madhara huwahi kuimeza mizizi.

Nimefikiria sana juu ya mti ule ulioachwa umesimama. Mkulima anautaka uondoke, ana miche ya chai inayosubiri kitaluni, na bado anautazama ukiwa na majani yake kwa mwaka mmoja au zaidi. Anaungoja ujimalize. Kuna ukatili ndani yake, sikatai. Lakini kuna pia heshima ya aina fulani, ya kukubali kwamba kitu hiki kina maisha yake na kwamba maisha hayo yana mwendo ambao hasira yangu haiwezi kuuharakisha.

Mnazi hauna habari na haya yote, na ni vizuri kuutaja kwa sababu watu wa pwani huniambia visiki si tatizo. Kwao ni kweli. Mnazi una kilele kimoja. Ukikikata, umekufa, haujui kuchipua. Mizizi yake ni nyuzinyuzi nyingi zenye unene unaokaribiana, hakuna mzizi mkuu wa kupigana nao. Hatari yake iko kwingine: kisiki na gogo la mnazi vikiachwa vioze, chonga hutaga humo, na mabuu yake yakikomaa huwa wale wadudu wenye pembe wanaotoboa makuti machanga ya minazi iliyo hai. Basi kisiki cha mnazi kipasuliwe, kichomwe au kifukiwe. Yaliyobaki ya kusema ni ya bara.

Na bara, hatuwezi kuzungumzia visiki bila kufika Kongwa.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa imetoka vitani na haina mafuta ya kupikia. Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa, alipeleka serikalini wazo la kulima karanga kwa mashine Tanganyika. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa wiki chache na kurudi na hesabu: ekari 3,210,000, zigawanywe katika vitengo 107 vya ekari 30,000 kila kimoja, 80 kati yake Tanganyika na vilivyobaki Rhodesia ya Kaskazini na Kenya. Waziri wa chakula, John Strachey, aliupokea mpango huo kwa moyo wote. Mwaka wa kwanza, 1947, zingesafishwa ekari 150,000, kuanzia Kongwa, katika nchi ya Wagogo.

Kongwa ilikuwa kichaka kizito cha miiba, na katikati yake mibuyu. Matrekta yalitoka wapi baada ya vita? Mengi yalinunuliwa kwenye masalio ya majeshi, mengine yakiwa yamekaa juani Ufilipino. Vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Na kwa kuwa miti ilikuwa mingi kuliko mashine, wataalamu walibuni njia: mnyororo wa nanga ya meli ulifungwa kati ya matingatinga mawili yanayokwenda sambamba, ukaburuta kila kilichosimama. Fikiria mnyororo wa nanga, Ugogo, ambako watu wanaomba mvua. Kichaka kililala. Kwa mbali, ilionekana kazi imekwisha.

Kazi ilikuwa haijaanza. Mizizi ilikuwa imebaki ardhini, imesukana. Majembe na visu vya kukatia mizizi vilipopitishwa vilipinda, na vile ambavyo havikupinda vililika. Udongo wa Kongwa ni mfinyanzi uliochanganyika na ule mchanga wetu mkali, na ulikula chuma kwa kasi ambayo ghala la vipuri halikuweza kuifuata. Kiangazi kiliuoka udongo ukawa mgumu kiasi kwamba hata karanga zilizofanikiwa kuota zilikuwa shida kuzichimbua, na karanga, kama tunavyojua, huzaa chini ya ardhi. Mibuyu ilikuwa na nyuki, nao waliwashambulia madereva. Kufikia mwisho wa mwaka 1947, badala ya ekari 150,000, zilizokuwa tayari kupandwa zilikuwa kiasi cha 7,500. Kazi iliendelea Urambo na Nachingwea, bandari ikajengwa Mtwara, reli ikatandikwa kusini, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ikatangaza kuuacha mpango. Hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36.

Kongwa ikawa ranchi, na tangu 1964 ikawapokea wapigania uhuru wa FRELIMO na wa vyama vingine vya kusini mwa Afrika. Ardhi ile imebeba mengi.

Historia hii husimuliwa kama kisa cha kiburi cha wakoloni, na ndivyo ilivyo. Wagogo walijua kwamba mvua ya Kongwa haiaminiki. Walilima uwele na mtama na kufuga, na kama wangeulizwa kwa dhati wangesema. Lakini nina wasiwasi kwamba tukiishia hapo tunajisamehe mapema. Kwa sababu baada ya uhuru hatukuacha kuuona mti kwa macho ya Kongwa. Shule niliyosoma ilikuwa na shamba, kwa kufuata sera ya Elimu ya Kujitegemea, na adhabu ya kawaida ilikuwa kung'oa kisiki. Shamba safi lilikuwa shamba lisilo na kisiki hata kimoja, na aliyeacha machipukizi mashambani mwake alihesabiwa mvivu. Tulifyeka kila msimu, na machipukizi yakarudi kila msimu, na hakuna aliyesimama kujiuliza kwa nini yanarudi na yanatuambia nini kuhusu kilichomo chini. Mti uliokatwa kwa panga miaka ishirini mfululizo na bado unachipua una ghala kubwa ajabu. Ni utajiri uliolala, nasi tuliuita magugu.

Wakulima wa Kilimanjaro walikuwa wamekwisha kuujua utajiri huo, kwenye zao jingine. Mbuni ukizeeka na kuacha kuzaa, haung'olewi. Hukatwa kisiki, sentimeta 30 hivi kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji ya mvua yasisimame juu ya kidonda. Machipukizi yanapotoka, mkulima huchagua mawili au matatu yenye nguvu na kuyaondoa yaliyobaki, na shamba huanza upya juu ya mizizi ya zamani. Mtwara nayo, wataalamu wa Naliendele waliwafundisha wakulima kukata mikorosho mizee isiyozaa na kubebesha vikonyo vya aina bora kwenye machipukizi yake. Babu anabaki chini ardhini, mjukuu anazaa juu. Hakuna muujiza hapo. Ni watu waliokwangua gome na kukuta kijani.

Ilichukua muda jambo hili kuhamia kwenye miti ya porini. Nchini Niger, mwaka 1983, mmisionari wa Kiaustralia aliyeitwa Tony Rinaudo alikuwa amekata tamaa ya kupanda miche iliyokuwa ikifa karibu yote. Siku moja alisimamisha gari kwenye mchanga wa Maradi, akatazama kwa makini kichaka kimoja kidogo kati ya maelfu, akatambua kwa umbo la majani kwamba hakikuwa kichaka. Ulikuwa mti uliokatwa, unaochipua kutoka kwenye kisiki. Jangwa lile lilikuwa na msitu mzima chini yake. Alichofanya na wakulima ni kupogoa na kulinda, na kwa miongo iliyofuata zaidi ya hekta milioni tano za mashamba ya Niger zilirudisha miti. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Right Livelihood.

Na hapa ndipo ninapoona furaha ambayo siwezi kuificha. Njia hiyo ilipofika Tanzania, ikienezwa na shirika la LEAD Foundation la Dodoma pamoja na Justdiggit la Uholanzi, ilipewa jina la Kisiki Hai, na ikastawi kwenye mkoa ule ule iliko Kongwa. Mahali ambapo mnyororo wa nanga ulishindwa na mizizi, wakulima wenye panga wameanza kuitumia mizizi hiyo hiyo. Wanachagua kisiki kinachochipua. Wanaacha mashina machache yaliyonyooka na kuondoa mengine, wanapogoa matawi ya chini kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Wanafunga kitambaa cha rangi kwenye shina, ili mchungaji na mkata kuni wajue kwamba hiki kina mwenyewe. Kisha wanakilinda na mbuzi na moto. Basi. Hakuna kitalu, hakuna kubeba maji. Mche wa kitaluni unapandwa na mizizi iliyotosha kwenye kifuko cha nailoni. Kisiki kina mizizi iliyokwisha kufika kwenye maji miaka mingi iliyopita. Katika mwaka mbaya wa Dodoma tofauti hiyo ndiyo kufa na kupona.

Hatukuwa bila dalili kabla ya hapo. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa kwenye maeneo ya Kondoa yaliyomomonyoka vibaya. Uamuzi ule uliwaumiza wafugaji na si wa kusifiwa bila kufikiri. Lakini makorongo yaliyokuwa mekundu yalijifunika, na sehemu kubwa ya kilichoyafunika ilitoka chini, kwenye mizizi iliyokuwa ikingoja meno yaondoke.

Sisemi kwamba kila kisiki kiachwe. Mwarobaini ule wa uani ulikuwa umeingiza mizizi kwenye bomba la maji machafu, na mzee alipomaliza kazi yake nilimlipa kwa moyo mweupe. Alirudisha udongo wa chini kwanza, akaukanyaga, akamalizia na ule wa juu aliokuwa ameutenga, akauacha umetuna kidogo kwa sababu utashuka. Akanionya nisishangae mboga za msimu wa kwanza zikiwa za manjano, kwa kuwa vipande vya mizizi vikioza hula nguvu ya udongo. Nitie samadi zaidi. Kando ya ua kulikuwa na kisiki cha pili, cha mgunga, chembamba, machipukizi yake yakifika magotini. Nilimwuliza bei. Akakwangua gome. "Hiki kinakudai nini?" akaniuliza, na sikuwa na jibu, nacho kipo hadi leo, kimebakiwa na mashina mawili na kimenipita urefu.

Lakini uani ni mahali rahisi. Ua una ukuta, na mwenye uamuzi ni mmoja. Shida halisi iko mashambani, na si shida ya panga wala ya mizizi. Nchini Niger, chini ya sheria za misitu zilizorithiwa kutoka kwa Wafaransa, miti ilihesabiwa kuwa mali ya serikali, hata ile iliyoota katikati ya mtama wa mtu. Mkulima aliyekata tawi angeweza kutozwa faini. Basi akafanya jambo la akili: aliling'oa chipukizi lingali dogo, kabla halijawa mti wa serikali. Miti ilianza kurudi kwa wingi pale wakulima walipoweza kuihesabu kuwa yao.

Huku kwetu nawafahamu watu wa Chamwino wanaolima mashamba ya kukodi, msimu kwa msimu, kwa makubaliano ya mdomo. Mkodishaji hutaka arudishiwe shamba "safi". Mpangaji naye, hata akijua faida ya kivuli na ya majani yanayodondoka, hana sababu ya kulinda mgunga utakaowanufaisha wengine mwaka wa nne, wakati huenda mwaka ujao shamba likakodishwa kwa mwingine. Akitoka yeye, anaingia mchoma mkaa, na mkaa wa kisiki unauzika vizuri. Semina za Kisiki Hai huwafikia watu hawa, wanasikiliza, wanakubali kwa kichwa, na wanarudi kufyeka. Siwalaumu hata kidogo. Ningependa kuona serikali za vijiji zikiandika makubaliano ya kukodi shamba kwa miaka mitatu au minne badala ya msimu mmoja, na ndani yake ikatajwa idadi ya visiki vilivyofungwa kitambaa siku ya kukabidhiana, nani atavilinda, nani atachukua kuni za kupogoa, na nguzo za kwanza zitakapokomaa zitagawanywaje kati ya mwenye shamba na mlimaji. Karatasi moja, mashahidi wawili, muhuri wa mtendaji. Tunaandikishana kwa ng'ombe na kwa viwanja. Visiki navyo viingie kwenye daftari hilo.